Barua ya wazi kwa wakuu wa usalama barabarani: simu ilikuwa kwenye ushungi

Kwenu wakuu mnaosimamia usalama barabarani mkoani Kigoma, na ninyi wa ngazi za juu ambao kanuni hupita mezani kwenu kabla ya kutufikia sisi wa mwisho wa reli.

Mnaonizidi umri shikamooni, na wengine hamjambo. Mimi ni mama wa Ujiji. Nina kirikuu moja, kigari kidogo cha mizigo, hapo zamani nyeupe, sasa rangi ya vumbi, na kazi yangu ni kutoa dagaa na migebuka mwalo wa Kibirizi, kupeleka soko la Mwanga na kwa wateja wa mikoani, hasa Tabora. Gari naendesha mwenyewe, huu mwaka wa kumi na moja. Nimeandikiwa kosa la kutumia simu nikiendesha. Nimelipa. Nilistahili, na nitaeleza kwa nini nasema hivyo, maana siku yenyewe pale barabarani sikusema hivyo. Kwa hiyo wasaidizi wenu wasihangaike kutafuta kumbukumbu zangu: siombi kurudishiwa shilingi 30,000. Ninachoomba ni kikubwa zaidi ya hapo.

Ilikuwa siku za giza. Wa Kigoma mnajua maana yake: mwezi ukijificha, taa za wavuvi zinavuta dagaa vizuri, na kukipambazuka Kibirizi hapapitiki. Mitumbwi inaingia, akina mama wanagombea ndoo, vijana wa kupakia wanapandisha bei kila dakika. Mimi nilikuwa na ndoo za migebuka mibichi ya Mwanga na viroba vinane vya dagaa wakavu wa mteja wangu wa Tabora. Fuso la kubeba vile viroba lilikuwa linaondoka saa mbili. Nikawasha gari saa moja na robo.

Sijafika hata stesheni, simu ikaita. Mteja.

Wanawake wenzangu mnaosoma hapa mtaujua mtindo huu. Simu unaichomeka kati ya sikio na ushungi, kitambaa kinaibana, mikono inabaki huru. Unakata vitunguu unaongea. Unambembeleza mtoto unaongea. Mimi nauita hedifoni ya bure, na nimepika pilau nyingi za harusi nikiwa hivyo. Basi nikaichomeka, nikaendelea na safari. Mteja anauliza nimepakia vingapi, namjibu vinane. Anasema tulikubaliana kumi. Namwambia kumi tulikubaliana kwa bei ya wiki iliyopita. Anasema bei ni ile ile. Nikaanza kumpigia hesabu kichwani, kiroba kwa kiroba, nauli ya fuso, ushuru, hela ya wapakiaji, huku napandisha mlima kuelekea Mwanga.

Pale juu kijana wenu akanyoosha mkono. Nikapaki pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba afande."

"Naomba leseni. Mama, unaongea na simu."

"Mikono yangu yote miwili iko kwenye usukani, afande. Hiyo simu nimeishika na mkono gani?"

Akacheka. Na mimi nikacheka, nikajua nimeshinda. Kwenye simu, ndani ya ushungi, mteja bado anasema haloo, haloo. Kisha yule kijana akaacha kucheka, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, mwenzangu amekupiga mkono kule chini. Mbona hukusimama?"

Sikumwona. Naandika hivi nikijua wengine mtanicheka, lakini sikumwona. Mtu mzima, kavaa nyeupe juu hadi chini, kasimama kwenye jua la asubuhi na mkono juu, nikampita kama mtu anavyopita mti. Nikajaribu kukumbuka nimepitaje mjini. Nikajaribu kukumbuka stesheni. Nilikumbuka bei ya kiroba tu. Wahenga wamesema macho hayana pazia. Yangu asubuhi ile yalikuwa nalo.

Na pale stesheni, saa moja na robo hadi saa moja na nusu, mnajua nani anavuka. Watoto wa shule, shati jeupe na sketi ya bluu, wamebeba fagio na dumu la maji.

Hapo ndipo ubishi uliponiishia. Akaniandikia. Mashine ikatoa karatasi yenye kontroli namba, akaniambia, "Lipa kwa simu tu mama, ni haraka." Nikazima injini, nikatoa simu kwenye ushungi, ile ile iliyoniponza, nikalipa nayo faini ya kuitumia. Fuso liliondoka bila viroba vyangu.

Nimelieleza tukio kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo naona adhabu yenu hailigusi. Kijana wenu, Mungu ambariki, hakunikamata kwa sababu ya mkono. Mkono ulikuwa kwenye usukani. Alinikamata kwa sababu akili yangu ilikuwa Tabora. Lakini karatasi iliyotoka kwenye mashine haina mahali pa kuandika akili ilikuwa wapi, na dereva wengi wanaotoka pale na karatasi kama ile wanajifunza somo moja tu, kwamba tatizo ni kushika. Wiki hiyo hiyo nilipowasimulia madereva wenzangu sokoni, mmoja akanishauri ninunue kile kidude cha sikioni. Mwingine, wa bodaboda, akanionyesha anavyoisokomeza simu ndani ya kofia yake ya pikipiki, inabanwa na sikio barabara. "Trafiki hawezi kuiona," akasema. Hilo ndilo somo lililomfikia: isionekane.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema miaka sasa kwamba dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya kupata ajali karibu mara nne ya yule asiyetumia, na kwamba vidude vya kuachia mikono huru havipunguzi hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Zamani ningesoma hayo nikasema ni mambo ya wataalamu. Sasa nasema ni mimi na yule askari wa kule chini. Kwenye makazi ya watu tunatakiwa tusizidi kilomita 50 kwa saa. Ukiwa kwenye mwendo huo huo halali kabisa, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde tatu za kusoma ujumbe wa "umefika wapi" ni mita arobaini na kitu ambazo gari limejiendesha lenyewe. Pimeni mita arobaini mbele ya shule yoyote ya Mwanga mhesabu watoto wangapi wanaenea humo.

Ombi langu la kwanza linahusu bei ya kosa. Mwaka jana niliandikiwa kwa taa ya breki iliyoungua. Shilingi 30,000. Balbu yenyewe nilinunua kwa hela ya chai. Mwaka huu nimempita askari wa usalama barabarani nisimwone. Shilingi 30,000. Mwalimu anayemchapa fimbo mbili aliyechelewa namba, na fimbo mbili aliyechoma darasa moto, anawafundisha nini wale wanaotazama? Dereva anahesabu: yote bei moja, basi yote uzito mmoja. Mwaka 2021 Serikali iliona kwamba si haki bodaboda na bajaji kulipa sawa na basi, ikashusha faini yao kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Ilikuwa busara. Kumbe inawezekana kutofautisha. Sasa tofautisheni na makosa yenyewe.

Msinielewe vibaya, siombi faini zote zipande. Nikisema hivyo na nirudi Kibirizi kesho, vijana watanitosa ziwani. Tena hela peke yake mimi naiona haina kumbukumbu. Aliye nayo analipa anasahau kabla hajafika Gungu. Asiye nayo deni linakaa kwenye namba ya gari, na mara nyingi anayelikuta ni tajiri, yaani mwenye gari, si aliyeongea na simu. Uingereza wao tangu 2017 wanatoza pauni 200 na kumwekea dereva alama sita kwenye leseni, na dereva ambaye hajatimiza miaka miwili tangu afaulu mtihani, akifikisha hizo sita, leseni inaondoka. Pauni 200 zao tuwaachie wenyewe, mshahara wao si wetu. Mimi nimevutiwa na zile alama. Alama hulipiwi na tajiri. Alama inakaa na jina lako.

Na kuna jambo lingine la Waingereza ambalo nalitamani kuliko faini yao: wameambiana wazi. Mwaka 2022 walikaa wakaifunga mianya, maana watu walikuwa wanajitetea kwamba "sikupiga simu, nilipiga picha" au "nilikuwa nabadilisha wimbo". Wakasema kuishika tu kwa matumizi yoyote ni kosa, hata ukiwa umesimama kwenye foleni au taa nyekundu. Wakaacha milango michache: kupiga namba ya dharura pale ambapo si salama kusimama, na kulipia kitu kwa simu gari likiwa limesimama. Mtoto wa darasa la saba anaelewa.

Sisi huku tunaulizana vijiweni kama maswali ya fikihi. Simu ikiwa kwenye kishikio cha dashibodi inaonyesha ramani, je? Nikiiweka sauti kubwa mapajani? Nikiwa nimesimama nasubiri behewa lipite relini? Kwenye ushungi? Kila dereva ana jibu lake, na kila dereva anaapa kwamba jibu lake kalipata kwa trafiki. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Nimekuja kujua kwamba mwaka huo huo, tarehe 3 Aprili, bwana mmoja wa Marekani aitwaye Martin Cooper alisimama barabarani New York akapiga simu ya kwanza ya mkononi, dude la zaidi ya kilo moja, na inasemekana aliyempigia alikuwa mpinzani wake wa biashara, kumringishia. Sheria yetu na simu ya mkononi ni pacha, basi. Ila watunga sheria wa Dar es Salaam mwaka ule wangejuaje kwamba iko siku mama wa Ujiji ataichomeka kwenye ushungi? Ninyi wa leo mnajua. Tuandikieni kwa Kiswahili cha stendi, ukurasa mmoja, mbandike Kibirizi, Mwanga, stendi na kwenye kila kituo cha mafuta: hiki ruksa, hiki marufuku. Na ushungi muutaje kwa jina, pamoja na kofia ya bodaboda, ili asiwepo mjanja kama mimi wa kuuliza mkono gani.

Sasa nije kwenye lile linalonikera kweli.

Mtasema: mama, simu ikiita, si usimame pembeni upokee? Ndiyo. Nionyesheni pembeni. Kutoka mjini kupandisha mlima hadi Mwanga, upande mmoja mtaro, upande mwingine bodaboda wamejipanga, mbele yao bajaji, mbele ya bajaji mama ntilie na jiko lake. Ukisimama palipobaki umeziba njia, na kusimama pasipo mahali pake nalo ni kosa, bei yake mnaijua. Kwa hiyo dereva anayetaka kutii anapiga hesabu: nikipokea huku natembea, faini, nikisimama, faini, nisipopokea, mteja anapiga kwa mwingine. Katika hizo tatu, mbili hamzioni mara zote, ila ya tatu inauma papo hapo. Mnashangaa anachagua ipi?

Ninachotaka si kikubwa, wala hakihitaji mfadhili. Sehemu tatu nne za kusimama kati ya Kibirizi na Ujiji, gari mbili tatu zienee, kifusi kimwagwe, mtaro ufunikwe, na kibao chenye picha ya simu. Bodaboda akipaki pale aondolewe. Ningesimama. Mimi niliyekuwa nabishana na afande nakwambieni, ningesimama.

Na kwa barabara ndefu hili ni kubwa zaidi. Mtoto wa dada yangu anaendesha fuso la tajiri, Kigoma na Tabora, kupitia Uvinza, Nguruka, Kaliua na Urambo. Alinipa jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye semina wala kwenye Wiki ya Nenda kwa Usalama. Njia ile kuna vipande vya pori mtandao unapotea kabisa. Simu inakuwa kipande cha chuma. Dereva anaendesha kwa amani, hata Daraja la Kikwete la Malagarasi analivuka anaangalia maji. Kisha mtandao unarudi. Unarudi wapi? Kijijini, maana mnara haujengwi kwa ajili ya nyani. Na unaporudi haurudi na ujumbe mmoja, unarudi na wote wa saa nzima, ting, ting, ting, mfululizo, tajiri kapiga mara sita, mke kapiga mara mbili, mteja kaandika "vipi". Jicho linakwenda. Na pale jicho linapokwenda ndipo penye gulio, penye shule, penye mbuzi na watoto, kwa sababu ndipo penye watu.

Nimeliwaza hilo siku nyingi. Mnara unaileta simu pale pale ambapo haitakiwi. Nanyi kwa kawaida mnasimama wapi na tochi zenu za kupimia mwendo? Mwanzoni mwa kijiji. Basi tumieni hapo hapo. Kabla kibao cha kilomita 50 hakijafika, wekeni mahali pa malori kupumzika, na kibao: mtandao upo hapa, simama usome. Dereva akisimama dakika tano akajibu wote sita, anaingia kijijini kichwa kitupu. Najua barabara si zenu, zina wenyewe, lakini mnakaa meza moja kwenye vikao vya mkoa.

Huyo tajiri aliyepiga mara sita ndiye ninayewashangaa hamumtaji kamwe. Kwenye mabango yenu ya simu yupo dereva, yupo abiria anayelia, ipo damu. Mpigaji hayupo. Mtoto wa dada yangu asipopokea, tajiri anadhani kauza mafuta au kapakia abiria wa njiani. Akikaa kimya mara mbili, kesho deiwaka, dereva wa kibarua, anakalia kiti chake. Huyu kijana mnamwambia usipokee simu, na anayemlipa anamwambia pokea. Atamsikiliza nani? Mabasi ya mikoani siku hizi yamefungwa kifaa kinachoonyesha mwendo na lilipo. Swali la "umefika wapi" limepungua huko. Lakini fuso, kirikuu, noah, bajaji, sisi wote tunafuatiliwa kwa kupigiwa.

Nami ni mpigaji vilevile, nisijitakase. Kabla ya siku ile nilikuwa nampigia dereva wa fuso lililobeba mzigo wangu kila baada ya saa moja. Siku moja alipokea, nikasikia honi ya basi ndani ya simu, karibu, akasema "mama subiri kwanza", kimya. Dakika mbili. Nilikaa pale dukani nimeshika simu, moyo unapiga. Akarudi, "Eeh mama, ulikuwa unasemaje?" Nilikuwa nauliza kama amekula.

Mkiita tena wenye magari kwenye vikao vyenu, waambieni wazi kwamba wito wa simu kwa dereva aliye barabarani ni sawa na kumpa chupa ya konyagi huku anaendesha. Wapangieni: dereva ndiye apige akisimama, Uvinza, Nguruka, Urambo, na tajiri atulie. Mkiona gari limepata ajali na dereva alikuwa kwenye simu, ulizeni alikuwa anaongea na nani. Sisemi mumfunge. Muiteni tu, aketi kituoni, aulizwe alikuwa anataka nini kilichoshindwa kusubiri. Habari itasambaa Kigoma nzima kabla ya magharibi.

Hili linalofuata sijui kama mtalipenda, lakini barua ya wazi isiyo na hili ingekuwa ya uongo. Simu nyingi za barabarani asubuhi, wakuu wangu, zinawahusu ninyi. "Wako wapi leo?" "Wako kwa chini, wamejificha nyuma ya mwembe." Zamani dereva alikuwashia taa ukajua. Siku hizi kuna makundi ya simu, sauti zinarekodiwa mtu akiwa kwenye gia ya tatu. Kadiri askari anavyojificha ndivyo simu zinavyozidi kutumika kumsaka. Asimame peupe, palipo na shule, asubuhi ile ile ya saa moja, kila siku, watu wajue yupo. Hakutakuwa na cha kupigiana. Mtakamata wachache zaidi, na makusanyo yatashuka. Sijui hesabu zenu za mwisho wa mwezi zinapimwaje, ila kama zinapimwa kwa makusanyo, na hilo nalo liangalieni.

Kuna wakati niliwahi kuendesha bila simu na sikujua ni neema. Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, sisi wa dagaa tulilia sana, nami nililia. Nikawa nabeba saruji na ndizi, kazi za hapa na pale. Simu ilinyamaza, mteja wa Tabora alinipigia mara moja tu kunipa pole. Na ni miezi hiyo nilipoanza kuona kwamba kwenye kona ya kushukia Kibirizi kuna mzee anavuka na fimbo kila asubuhi kwenda kuota jua, kwamba watoto wa nyumba moja huvuka wakiwa wameshikana mikono, wanne, mdogo katikati. Walikuwepo miaka yote. Ziwa lilipofunguliwa, simu ikarudi, wakapotea tena machoni mwangu. Sikufikiria lolote juu ya jambo hilo hadi kijana wenu aliponiuliza kuhusu mwenzake wa kule chini.

Nami nimebadilika kidogo, si sana, nisijisifu. Simu sasa inasafiri kwenye ndoo tupu nyuma ya kiti, imefunikwa na khanga. Ikiita naisikia kama mtoto wa jirani analia: inaumiza, lakini si wangu. Wateja walinuna wiki mbili. Yule wa Tabora alitishia kuhamia kwa mwanamke mwingine, nikamwambia huyo mwanamke naye ana gari. Amebaki. Viroba bado anataka kumi kwa bei ya nane.

Kuhusu haki ya kukataa kosa na kwenda mahakamani, nayo naijua, na wapo wenzangu waliobandikiwa kosa la simu kwa sababu tu walikuwa wanajikuna sikio. Hawaendi. Siku moja ya mahakama kwa mtu wa kirikuu ni hasara kuliko 30,000 yenyewe. Siku mtakapopata uwezo wa kuwapa askari wenu kamera za kifuani, wapeni. Zitamlinda dereva anayejikuna na zitamlinda askari dhidi ya mama anayeuliza mkono gani.

Yule kijana wa pale mlimani, kama anasoma hapa, namsalimu. Mwenzake wa kule chini namwomba radhi. Nimepita pale mara nyingi tangu siku hiyo na sasa namwona kutoka mbali.

Mkitaka kunijibu, msinipigie kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Nitakuwa barabarani.

Mama wa dagaa,
Ujiji, Kigoma